Marehemu Anakula Viazi

Zamani ambazo si za kale sana, katika nchi ambayo haiko mbali kama tunavyopenda kudhani, serikali ilitangaza kwamba nchi yote ni tambarare. Jambo hilo liliandikwa kwenye Katiba, likaimbwa kwenye wimbo wa taifa, likachorwa kwenye ramani za shule. Nchi yenyewe ikaitwa Jamhuri ya Tambarare. Kulikuwa na kasoro ndogo tu: upande wa kaskazini kulikuwa na milima.

Milima hiyo ilikuwa mikubwa, ya baridi, yenye ukungu na viazi. Serikali haikuikana. Ilisema ile ni tambarare iliyoinuka kwa muda. Mkuu wa Mkoa akienda ziara huko, gari lake hushindwa njiani, naye humalizia kwa miguu akihema kama mbuzi aliyefukuzwa. Waandishi wa habari huambiwa waandike kwamba Mheshimiwa anahema kwa uzalendo.

Huko juu waliishi Wabergi. Walikuwa watu kama watu wengine, wa rangi ile ile ya jirani zao wa bondeni, ila wao walizungumza Kijerumani. Wamisionari na maseremala wa Kizungu walikileta enzi za ukoloni, kisha wakafunga mizigo wakaenda zao, lugha ikabaki. Ilikaa na moshi wa kuni na ukungu mpaka ikapata ladha yake yenyewe. Siku balozi wa Wajerumani alipokuja kutembea, alisikiliza hotuba ya kumkaribisha mwanzo hadi mwisho, akatabasamu, akaomba mkalimani.

Wazungu hao waliacha pia tarumbeta, tanuri za mkate, kabichi ya chumvi, na kitu ambacho Wabergi walikiita odinungu. Odinungu maana yake kila jambo lina zamu yake na zamu hairukwi. Mbergi akiwa wa mwisho kwenye foleni na wote walio mbele yake wakafa, atabaki pale pale alipo, akingoja wasogee.

Odinungu kubwa kuliko zote ilikuwa ya Pasaka. Kabla jua halijachomoza, Wabergi wote hukusanyika makaburini kimya, wapiga tarumbeta wakiwa mbele. Mwitaji husimama langoni na kuwaita waliofariki tangu Pasaka iliyopita. Akiita jina, mama wa marehemu hujibu, "Nimemrudisha," yaani kwa Mungu. Kama mama hayupo duniani, hujibu aliye karibu kwa damu. Tarumbeta hulia ubeti mmoja, kisha anaitwa mwingine. Mpaka neno hilo lisemwe, mtu hahesabiwi kuwa amekufa, hata kama alishazikwa na nyasi zimeota juu. Mjane wake haolewi, shamba lake haligawanywi. Na jua likitoka kabla majina hayajaisha, waliobaki husubiri Pasaka ijayo. Hakuna wa kulalamika. Odinungu.

Huko ndiko alikoishi Otilia, mjane, muoka mikate, mama wa mtoto mmoja wa kiume aitwaye Gebhadi. Otilia alikuwa mwanamke wa wasiwasi. Gebhadi akipiga chafya, mama alichemsha majani. Gebhadi akichelewa kurudi, mama alishamzika kichwani, akamlilia, akamfufua, akaanza kumzika upya, ndipo kijana anaingia anauliza kuna chakula gani.

"Otilia," jirani yake Hedwiga alimtania kutoka ng'ambo ya ua, "wewe ungeweza, mtoto huyo ungemtia tena tumboni."

"Ningepata njia, shoga, asingeona jua leo."

*

Lakini Otilia hakuwa adui wa chama kilichokuja kuzaliwa huko mlimani, hilo lieleweke mapema.

Mama yake mzazi aliugua akapelekwa hospitali ya bondeni. Mlangoni palikuwa na kibao: HAPA HUTIBIWA KWA LUGHA YA TAIFA. Bibi kizee hakuijua lugha ya taifa, akaonyesha kwa mkono mahali panapouma. Muuguzi akamwambia kwa upole kwamba mkono nao si lugha ya taifa. Bibi akakaa kwenye benchi kusubiri mkalimani, akafia pale pale, amekaa wima, kwa adabu.

Kwa hiyo kilipozaliwa Chama cha Umoja wa Kujitenga, kwa kifupi CHAUKU, Otilia alikuwa wa kwanza kuchukua kadi. Aliiweka ndani ya Biblia. Gebhadi alipoomba kupiga tarumbeta kwenye bendi ya chama, mama alihangaika wiki nzima, kisha akamshonea sare.

Mwenyekiti wa CHAUKU aliitwa Ludigari. Alikuwa mnene wa mwili na mnene zaidi wa maneno.

"Itifaki imezingatiwa!" alinguruma mkutanoni. "Ndugu zangu Wabergi! Sisi ni wamoja! Na kwa sababu ni wamoja, lazima tujitenge! Tukishajitenga tutakuwa wamoja zaidi! Na yeyote asiyetaka kuwa mmoja na sisi, huyo tutamtenga!"

Watu walipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mawaziri wa nchi mpya walikuwa wameshateuliwa. Hata Waziri wa Bahari alikuwepo jukwaani, amevaa kofia nyeupe, ingawa mlima ule haukuwahi kuona bahari hata kwa mbali.

Ndipo polisi wakafika. Serikali ilieleza baadaye kwamba haikurusha mabomu ya machozi, ila siku ile kulikuwa na ukungu wenye hasira. Watu walitawanyika. Gebhadi alikimbia kupitia mashamba ya viazi, kiatu kimoja kikabaki matopeni, na tarumbeta lake refu la kusukuma likamponyoka barabarani. Gari la polisi likapita juu yake, likalikunja kama kiwiko.

Jua lilikuwa linazama alipofika nyumbani, macho mekundu, mguu mmoja peku. Otilia alikuwa ameshafika kwenye mazishi ya pili. Alimshika uso, akamgeuza huku na huku kama mtu anayekagua mkate, akamwosha macho, akampakulia viazi na kabichi.

Kijana yuko katikati ya kiazi, redio ya chama ikakohoa.

"Kwa masikitiko makubwa, na kwa fahari kubwa zaidi, Chama kinatangaza kuuawa kwa shujaa wa kwanza wa taifa letu changa, Gebhadi mwana wa Otilia. Shujaa ameanguka akiwa ameshika tarumbeta lake. Maneno yake ya mwisho yalikuwa: 'Wabergi, songeni mbele!'"

Gebhadi aliacha kutafuna.

"Mama, mimi sikusema hivyo."

"Ulisema nini?"

"Nilisema, jamani, kiatu changu."

*

Asubuhi Otilia alimshika mwanawe mkono, mtu mzima mwenye ndevu, akampeleka hadi ofisi ya chama kama anayempeleka kuanza darasa la kwanza.

Ofisini palikuwa na msiba. Tarumbeta lililokunjwa lilikuwa limelazwa mezani juu ya kitambaa chekundu, mishumaa pande zote. Akina mama walikuwa wameketi sakafuni wakilia, na Hedwiga ndiye aliyekuwa anaongoza sauti.

"Shikamoo, Mama Reinhati," Gebhadi alimwamkia, maana hivyo ndivyo walivyomwita Hedwiga kwa jina la mwanawe.

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba," Hedwiga akajibu, akaendelea kulia.

Mwenyekiti Ludigari alitoka chumba cha ndani. Alimtazama Gebhadi kwa muda, kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakuagiza.

"Mama Gebhadi. Chama kinakupa pole."

"Pole ya nini, Bwana Mwenyekiti? Mtoto si huyu hapa!"

"Namwona. Mimi binafsi namwona. Lakini Halmashauri Kuu haijamwona. Halmashauri Kuu imekaa, imejadili, imepitisha kwa kauli moja kwamba amekufa. Mimi ni nani hata nipinge vikao?"

"Basi itisheni kikao kingine."

"Kikao cha kufuta kifo hakimo kwenye katiba ya chama, mama. Tulitafuta jana usiku kucha."

"Kwa hiyo mlijua!"

Ludigari alikohoa kidogo, akamsogeza pembeni, akabadilisha sauti.

"Mama, nielewe. Pasaka wageni wa nje watakuja kuona tunavyojitangazia uhuru. Kitu cha kwanza watakachouliza: mmemwaga damu? Sasa tuwaonyeshe nini, viazi?" Akachukua fulana kutoka kwenye rundo lililokuwa kwenye kiti. Kifuani ilikuwa na uso wa Gebhadi, umeongezwa kidevu. Akampa mwenyewe. "Chukua, kijana. Chama hakiwasahau mashujaa wake."

"Ahsante, Bwana Mwenyekiti," alisema Gebhadi, na kabla mama yake hajamzuia alikuwa ameshaivaa.

*

Otilia akateremka bondeni na Gebhadi, hadi kwa Mkuu wa Mkoa. Ikiwa chama kimekataa kumwona mtoto, alifikiri, basi serikali itamwona, maana serikali ndiyo iliyotuhumiwa kumwua, na nani hapendi kufutiwa tuhuma?

Mkuu wa Mkoa aliitwa Mheshimiwa Tuliza. Alikuwa mtu mwembamba, msafi, mwenye nishani mpya kifuani inayong'aa kama kijiko cha harusi.

"Mama," alisema, "serikali haijaua mtu."

"Ndicho nilichokuja kusema, baba yangu. Hamkumwua. Mtoto ni huyu."

"Vizuri. Serikali haijaua mtu, na huyo iliyemwua alikuwa mhalifu sugu."

Otilia alifumba macho, akafumbua. Mheshimiwa alikuwa bado yupo.

"Mama, nikueleze kwa ufupi kwa kuwa nakuheshimu kama mzazi. Mwanzoni tulikanusha. Halafu simu ikatoka juu, kutoka kwa wakubwa, kunipongeza kwa kudhibiti hali. Nikavishwa hii." Akaigusa nishani. "Sasa unataka niirudishe? Niwaambie nini wakubwa, kwamba hali ilijidhibiti yenyewe ikaenda kwao kula viazi?"

"Niambie basi mwanangu afanye nini."

"Akae ndani. Mtu aliyekufa, mama, sheria haimlindi. Haimtambui. Askari wangu wakimkuta barabarani mtu anayejifanya marehemu, wanaweza kumweka mahali pake, na hakuna hakimu atakayewauliza, maana huwezi kushtakiwa kwa kumwua maiti."

"Mahali pake ni wapi?"

Mheshimiwa Tuliza alitazama nje ya dirisha, akatazama kwa mbali, kule juu, ambako ukungu ulikuwa umekaa juu ya makaburi ya Wabergi.

"Lakini nasikia kwenu mtu hafi mpaka mama yake aseme," akaongeza kwa furaha. "Mila nzuri sana hiyo. Serikali inaheshimu mila. Pasaka ukishasema tu, sisi tunafunga shauri, chama kinapata chake, kila mtu analala usingizi."

Wakiwa njiani kurudi, Otilia alimtembeza Gebhadi upande wa ndani wa barabara, akamfunika kwa shali lake, na kila gari lililopita alijiweka katikati.

*

Mwenye shida sasa akawa marehemu mwenyewe. Alianza kunogewa.

Mchana alijibanza nyuma ya pazia akisikiliza wasichana wakipita na wimbo wake. Wimbo ulikuwa na beti nyingi, na katika kila ubeti yeye alikuwa mrefu kuliko alivyo. Reinhati wa Hedwiga, aliyewahi kumwita mbele za watu zumbukuku, alikuwa anavaa fulana yake kila siku bila kuifua. Waziri wa Bahari alikuwa ameahidi kuipa bandari ya kwanza jina lake.

"Mama," alisema akiwa anajitazama kwenye kioo, "ni neno moja tu. Useme tu, halafu yaishe."

"Yaishe, au uishe wewe?"

"Mwenyekiti kasema watanipeleka ng'ambo."

Na kweli Ludigari alikuja mwenyewe kulisema hilo, na keki mkononi, keki kwa muoka mikate. Alikaa, kiti kikalia.

"Mama Gebhadi, taifa linakuangukia miguuni. Siku ile jibu kama wazazi wengine wanavyojibu. Kijana tutamhifadhi ng'ambo."

"Ng'ambo ipi?"

"Ng'ambo."

"Ina jina?"

"Ni ng'ambo ya kuaminika, mama. Usiingie sana ndani ya mambo ya ulinzi."

Otilia alimkatia mgeni kipande cha keki yake mwenyewe, akamwekea mbele.

"Bwana Mwenyekiti, wewe una watoto?"

"Mungu amenijalia."

"Wako wapi? Mbona siwaoni kwenye bendi?"

"Wako bondeni," alisema Ludigari huku akipangusa makombo. "Wanasoma shule za lugha ya taifa. Mzazi lazima ufikirie maisha ya mtoto."

Alipoondoka, Otilia alijitanda shali akapanda makaburini. Alikuwa amesikia kwamba vijana wa chama wanachimba kaburi la shujaa mahali pa juu kabisa, penye kuonekana na wageni, na kwamba watazika lile tarumbeta kwa heshima zote. Kaburi lilikuwa tayari. Kingo zake zilikuwa zimenyooka, udongo umepangwa vizuri upande mmoja, kwa odinungu. Otilia alisimama kando akalitazama. Kisha akavua viatu, akashuka ndani, akajilaza. Palibaki nafasi juu ya kichwa chake, kiasi kile kile ambacho Gebhadi alikuwa amempita kwa urefu tangu abalehe.

Tarumbeta halihitaji kaburi refu namna ile. Tena lililokunjwa.

Alirudi nyumbani, udongo umemganda mgongoni. Gebhadi alipomwuliza umeanguka wapi, mama yake akamwambia habari za kaburi.

"Aa, mama, hiyo ni heshima tu," kijana akacheka. "Unataka shujaa azikwe kwenye shimo la kuku?"

"Nimelala humo, Gebhadi. Ni urefu wako."

Kijana aliendelea kucheka kidogo, kisha kicheko kikapungua, na hakuitazama tena fulana yake.

*

Pasaka ikafika. Kabla ya kutoka, Otilia alimfungia mwanawe kwenye chumba cha tanuri, akatia komeo, akaenda makaburini na shali lake la pili.

Kulikuwa na ukungu na baridi, na watu wote walikuwepo. Wageni wa nje walikuwa wamepewa viti na mablanketi. Ludigari alikuwa na bendera mpya kwapani na tangazo la uhuru mkononi. Mheshimiwa Tuliza naye alikuwepo, ameketi karibu, anahema, na askari wake wamevaa suti zisizowatosha. Wawili hao walikuwa wameshaelewana kama waungwana: majina yaitwe, uhuru utangazwe, chai inywewe, kisha Mwenyekiti akamatwe kwa heshima mbele ya wapiga picha, akalale gerezani kidogo kwenye chumba chenye zulia, atoke akiwa maarufu. Kila mtu angepata chake. Aliyetakiwa kutoa alikuwa mmoja tu.

Mwitaji alikuwa Alfonzi, seremala wa majeneza, mtu mkavu asiyekuwa na chama wala ucheshi. Aliita jina la kwanza, mama akajibu, tarumbeta zikalia. Akaita la pili, akajibu ndugu, maana mama hakuwepo. Kisha akavuta pumzi.

"Gebhadi wa Otilia!"

Ludigari akaanza kuikunjua bendera.

Watu wakamgeukia Otilia.

"Gebhadi wa Otilia!"

Otilia alilikaza shali lake la pili. Maisha yake yote aliogopa kila kitu, radi, mbwa, kikohozi, madaktari. Alishangaa kukuta kwamba woga, ukishajaa mpaka pomoni, unakauka, na chini yake pana kitu kigumu cha kusimamia.

"Simrudishi," alisema.

Alfonzi alikunja uso. "Mama Gebhadi, jibu si hilo."

"Mimi nina hilo tu."

"Basi itabidi niite tena."

"Ita."

"Gebhadi wa Otilia!"

"Simrudishi!"

Minong'ono ikaanza. Ludigari akawatabasamia wageni, akaja mbio kwa hatua ndogondogo.

"Mama, unachelewesha taifa!"

"Lingoje."

"Wabergi wanateseka! Umesahau mama yako alivyokufa?"

Hapo Otilia alimgeukia, na sauti yake ikapanda mpaka ikafika nyuma kabisa walikokaa wazee.

"Sijasahau! Mama yangu alikufa akionyesha kwa mkono panapouma. Nilichukua kadi yako ili mwanangu aweze kusema anapoumwa kwa lugha ya nyumbani kwake. Sikuichukua ili nimnyamazishe mimi mwenyewe, halafu wewe uhutubie juu yake! Kaburi mmelichimba refu, Ludigari. Nimelala ndani, najua. Kama taifa lako linataka mtoto wa kulaza humo, wako hapo bondeni wanasoma, kawalete!"

Ludigari aligeuka rangi. Akainua mkono juu, akapaza sauti yeye mwenyewe: "Nimemrudisha! Kwa niaba ya wananchi wote, nimemrudisha!"

"Wewe umemzaa?" Alfonzi akauliza.

Mheshimiwa Tuliza naye akasimama, akasafisha koo. "Serikali inathibitisha kwamba kijana huyo amerudishwa."

"Na wewe umemzaa?" Alfonzi akauliza tena, na hakuwa anatania, alitaka kujua. "Basi kaeni. Gebhadi wa Otilia!"

"Simrudishi!"

Ndipo mtu aliyejifunika shali la mwanamke akatoka katikati ya umati. Alikuwa na masizi mpaka kwenye nyusi, maana alikuwa ametokea kwenye bomba la moshi la tanuri. Alitembea hadi kwenye ile meza ya kitambaa chekundu, iliyoletwa makaburini kutoka ofisi ya chama, akalivua shali, akalichukua tarumbeta lililokunjwa.

"Hili ni langu," alisema Gebhadi. "Na kiatu changu, aliyekiokota naomba anirudishie."

Akalipuliza. Likatoa mlio wa ng'ombe mwenye mafua. Mtoto mmoja akacheka, bibi yake akamfinya, kisha bibi mwenyewe akacheka, na kicheko kikaenda safu kwa safu mpaka makaburi yote yakawa yanacheka.

"Ndugu wananchi!" Ludigari alipiga kelele. "Msidanganyike na macho!"

"Serikali haitambui uhai wa mtu huyu," Mheshimiwa akamuunga mkono, "mpaka uchunguzi utakapokamilika!"

Ilikuwa mara ya kwanza pande hizo mbili kusema kitu kimoja hadharani, na wapambe wao wakapigiana makofi. Lakini vijana wa chama wenye fimbo walikuwa wameanza kusogea kutoka upande mmoja, na askari wenye suti kutoka upande wa pili, wote wakimwendea mtu yule yule. Hawakufika. Akina mama walikuwa wameshajipanga katikati, kwa zamu, bega kwa bega, kama wanavyojipanga kununua mkate. Mbele alisimama Hedwiga, amevaa fulana yenye uso wa marehemu.

"Haya, pita hapa," alimwambia askari wa kwanza. "Tena anza na mimi, maana mimi ndiye niliyefika mapema."

Askari akaitazama foleni, akaona mwisho wake hauonekani.

"Gebhadi wa Otilia!" Alfonzi aliita, kwa sababu kazi ni kazi.

"Simrudishi!" Otilia akajibu, na safari hii hakuwa peke yake.

Ukungu ukapasuka, na jua likatoka juu ya ile tambarare iliyoinuka kwa muda. Alfonzi akafunga lango.

"Jua limechomoza. Yaliyobaki, Pasaka ijayo."

"Lakini uhuru!" alilia Waziri wa Bahari. "Uhuru ulikuwa baada ya majina!"

"Basi na wenyewe ni Pasaka ijayo," alisema Alfonzi, akaenda kunywa chai.

*

Redio ya serikali ilitangaza kwamba siku hiyo hakuna kilichotokea, na kwamba kilichotokea kilidhibitiwa. Redio ya chama ilitangaza kwamba uhuru umepatikana ila umeahirishwa. Mheshimiwa Tuliza alibaki na nishani yake. Kaburi refu likaachwa wazi, na mvua zikalijaza maji, na bata wa Alfonzi wakalipenda.

Kila Pasaka mwitaji huanza pale alipoishia, maana zamu hairukwi. "Gebhadi wa Otilia!" huita, na Gebhadi mwenyewe amesimama pale, tarumbeta mkononi, amelinyoosha kadiri alivyoweza. Mama yake hujibu lile lile. Siku nyingine za mwaka Otilia na wenzake hushuka hospitali ya bondeni, wakakaa kwenye benchi moja mpaka lingine, wote wanaumwa, wote wanazungumza Kijerumani tu, na hawaondoki. Kibao bado kipo mlangoni, lakini muuguzi ameshajifunza kuuliza panauma wapi.

CHAUKU bado kinatafuta shujaa. Wageni wa nje bado wanaulizia damu. Juzi Katibu Mwenezi alipita kwa Hedwiga na mpiga picha, amevaa tai, anatabasamu. Hedwiga alikuwa uani anakanda unga, na mwanawe Reinhati alikuwa juu ya paa anapiga misumari, anapiga mluzi, hajui kitu.

"Mama Reinhati, hujambo? Tumepita tu kumpiga kijana picha moja. Ya kifuani. Ana uso mzuri sana kwa fulana."

"Simrudishi," alisema Hedwiga bila kuinua kichwa.

Katibu akacheka kwa mshangao. "Ah, mama! Mbona hajafa?"

Hedwiga aliubamiza unga mezani, vumbi jeupe likamrukia mgeni kwenye tai.

"Ndiyo maana nasema mapema."